Nusu Inchi Kwenye Kilima cha Salo

Alhamisi ile niliitaja namba yangu saa nane mchana, nikiwa kwenye foleni ya duka la Bi Laituri, nikisubiri pasti mbili, mikate iliyojazwa nyama na viazi. Hakuna aliyeniuliza hali. Tangu niachane na Colleen, miaka miwili iliyopita, watu wa Pelkola hawaniulizi hali kati ya Novemba na Aprili. Wananiuliza namba: asilimia ngapi shule itafungwa kesho.

"Ngapi, Harju?" Bi Laituri aliuliza, mikono yake bado imo kwenye unga.

"Sabini."

"Sabini ya kweli au ya kuwafurahisha watoto?"

"Ya upepo, mama. Ukigeukia kaskazini kidogo tu, itashuka hadi thelathini."

"Mwoneni huyu," akamwambia mteja aliyekuwa nyuma yangu. "Ukimuuliza kama anakupenda atakwambia arobaini na tano."

Walicheka. Nikalipa, nikachukua pasti zangu, nikatoka.

Mimi ni msimamizi wa mabasi ya shule. Kila alfajiri yenye mashaka hutoka saa kumi na basi tupu, kwa sababu gari dogo hudanganya, nikazunguka maili thelathini na moja za barabara zetu. Husimama kwenye vituo vitano, nikachomeka kijiti cha kupimia mahali ambapo greda la kusukuma theluji halijapita. Kipimo hukihesabu kwa inchi kamili, na kituo chenye zaidi ya tisa kimeshindwa. Vituo viwili vikishindwa, napendekeza shule ifungwe. Saa kumi na moja na robo humpigia simu mkurugenzi wa shule, Bi Stimac, naye huamua kabla ya kumi na moja na nusu, maana baada ya hapo madereva wamekwisha toka majumbani.

Namba ya siku moja kabla si sehemu ya kazi. Niliianza mwenyewe, majira ya baridi kumi na tisa yaliyopita, na ninaiandika kwenye daftari pamoja na kilichotokea kesho yake. Hadi Alhamisi ile nilikuwa nimesema sabini mara hamsini na nane. Shule ilifungwa mara arobaini na moja. Hesabu hiyo inanitosha. Mtu akisema sabini na jambo likatokea mara tisa kati ya kumi, si mtabiri mzuri kuliko mimi. Ni mtu asiyeijua sabini.

Theluji yetu haitoki mbali. Upepo baridi hupita juu ya Ziwa Superior kabla halijaganda, huokota mvuke, kisha huumwaga nchi kavu kwa mikanda myembamba. Nyumba moja huzikwa hadi madirishani, na jirani yake maili nne kutoka hapo anaziona nyota. Ndiyo maana redio ya mjini haitusaidii, na ndiyo maana mtu lazima aende akachomeke kijiti.

Wiki ile nilikuwa na sababu yangu ya kuitaka Ijumaa ifungwe, na ni heri niiseme wazi. Amri ya mahakama kuhusu binti yangu na Colleen, Signe, inasema makabidhiano yafanyike shuleni: mimi nampeleka Ijumaa asubuhi, mama yake anamchukua saa tisa alasiri. Shule ikifungwa kwa hali ya hewa, mtoto anabaki alipo hadi siku ya shule inayofuata. Shule ikifunguliwa hata kwa saa moja, makabidhiano yamefanyika. Kifungu hicho tulikikubali wote wawili baada ya msimu mmoja wa kugombana juu ya nani aendeshe gari kwenye dhoruba.

Colleen alikuwa amepata kazi Duluth. Jumamosi alikuwa anahama, na kuanzia wiki iliyofuata amri mpya ingeanza: Signe kwangu mara moja kwa mwezi na nusu ya likizo. Ijumaa ikifungwa, ningekuwa naye siku tatu zaidi, hadi Jumatatu. Ikifunguliwa, asubuhi hiyo ndiyo ya mwisho kwa utaratibu wa zamani. Nilikuwa nimemwomba Colleen wikendi ile wiki mbili kabla, kwenye maegesho ya benki. Alisema, "Tufuate karatasi, Dale. Karatasi ndiyo inayotuzuia tusigombane." Alikuwa sahihi.

Signe ana miaka kumi na mmoja. Jioni ile alivaa nguo za kulalia nje ndani, akaweka kijiko chini ya mto, akatupa vipande sita vya barafu chooni na kuvuta maji. Watoto wote wa huku hufanya hivyo ili shule ifungwe.

"Darasani wananiambia nikuhonge," alisema, akila pasti yake kuanzia pembeni.

"Unihonge nini?"

"Peter amesema atatoa peremende. Mimi nimewaambia Baba hahongeki, ni kama kuhonga rula." Akatafuna. "Sabini ni nyingi, lakini."

"Sabini ni sabini. Katika kumi, tatu tunakwenda shule."

"Wewe unataka ipi?"

"Ninachotaka mimi hakisogezi upepo."

Aliniangalia kidogo, kisha akaenda kupiga mswaki.

Siwezi kumwacha peke yake alfajiri, kwa hiyo akiwa kwangu tunakwenda pamoja. Hulala kwenye kiti kilicho nyuma ya changu, na blanketi, buti zake zikiwa sakafuni tayari. Saa kumi kamili tuliondoka. Upepo ulikuwa wa magharibi, maili ishirini na nne kwa saa kwenye kipimo cha karakana, na theluji ilikuwa ikipita mbele ya taa kwa mshazari.

Kituo cha kwanza, inchi sita. Cha pili, darajani kwa akina Niska, kumi na moja. Kimeshindwa bila mjadala. Cha tatu, tano. Cha nne, saba, na hapo mawingu yalikuwa yamepasuka, nikaona kipande cha anga nyeusi upande wa ziwa. Niliandika kila kitu, na saa yake.

Chini ya Kilima cha Salo tulimkuta Mzee Perttu, dereva wa greda wa kaunti, amesimamisha mashine yake akinywa kahawa. Alishusha kioo.

"Mtabiri! Bado hujaifunga dunia?"

"Naitafutia sababu, mzee. Juu umepita?"

"Nimepita saa tisa. Sasa hivi ukiiona njia niliyopita nitakupa zawadi." Akanyoosha shingo kuangalia ndani ya basi. "Huyo abiria wako anajua kwamba nauli ya alfajiri ni mara mbili?"

"Nina kijiko," Signe alijibu toka kwenye blanketi.

"Basi shauri limekwisha. Kijiko kinashinda greda." Akakohoa, akawa mtu wa kazi. "Mkanda unaweza kusogea kaskazini, Harju. Na unaweza usisogee. Nina barabara nyingine tatu kabla sijarudi hapa."

Tulipanda. Basi lilishika. Magurudumu ya nyuma yaliteleza mara moja kwenye kona, kisha yakashika tena, na tukafika kwenye kituo cha tano karibu na kilele. Nilishuka na kijiti. Signe alisimama mlangoni pa basi, blanketi mabegani, akiniangalia kwenye mwanga wa taa.

Nilichomeka mara tatu, kama kawaida, mahali patatu tofauti; kinachohesabiwa ni kipimo cha katikati. Tisa na nusu. Tisa na nusu. Tisa na robo tatu.

Nina kanuni kwa hali hiyo, na haina utata. Upepo ukizidi maili ishirini kwa saa, nusu hupanda; usipozidi, hushuka. Sababu ni kwamba theluji bado inakuja na upepo unairundika, kwa hiyo ninachokipima alfajiri ni kidogo kuliko kile basi litakachokikuta saa mbili baadaye. Tisa na nusu ni kumi. Kumi ni zaidi ya tisa. Kituo cha pili kilikuwa kimeshindwa, na hiki cha tano kingekuwa cha pili kushindwa. Shule ingefungwa.

"Ngapi?" Signe aliuliza.

"Tisa na nusu."

"Nusu hupanda!" Aliruka palepale mlangoni. "Baba, nusu hupanda, si ndiyo?"

Nilikuwa nikiangalia upande wa ziwa, kwenye kile kipande cha anga kilichopasuka, na nilikuwa nikijiuliza kama ningekiona iwapo nisingetaka kitu. Nilijua ninachokitaka. Na mtu anayejua kwamba mizani yake imeegemea upande mmoja huondoa kitu upande huo. Ndivyo nilivyofikiri, na nilidhani ni fikra safi.

Simu ilikuwa saa kumi na moja na robo kasoro dakika mbili. Bi Stimac aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Nipe, Dale."

"Kituo cha pili kimeshindwa. Cha kwanza, cha tatu na cha nne vimepita. Nipo Salo."

"Salo vipi?"

Niliusoma tena mstari kwenye daftari kabla ya kujibu. Nadhani ndipo alipoelewa vibaya, au alipoelewa vizuri.

"Sikiliza," alisema. "Mji huu ni mdogo na mimi si kiziwi. Najua kesho Colleen anahama. Tumetumia siku tano za kufunga kati ya sita ambazo jimbo linatusamehe, nimebakiwa na moja, na nikiitumia leo hakuna atakayeuliza. Ukisema funga, nafunga. Inchi zenyewe wala sitaziuliza."

Alisema kwa wema. Nina hakika ya hilo. Lakini kuanzia pale kila inchi juu ya tisa ilikuwa na harufu ya upendeleo, na sikuweza kuitaja.

"Tisa," nikasema.

Nyuma yangu Signe aliacha kuruka.

"Tisa kamili?"

"Tisa. Basi limepanda. Anga inapasuka upande wa ziwa. Napendekeza tuchelewe saa mbili, tufungue saa nne, Perttu apate muda wa kupita."

"Haya. Saa nne. Dale, una hakika?"

"Ndicho nilichopima."

Sijawahi kusema uongo kwenye simu ile kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nilikaa kwenye usukani. Signe alirudi kitini kwake, akajifunika.

"Umesema tisa," alisema, baada ya kona mbili.

"Leo haipandi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe na mimi tunataka ipande."

Alifikiri juu ya jambo hilo hadi tulipofika barabara kuu. "Lakini theluji haijui tunataka nini," alisema. "Wewe mwenyewe ulisema."

Nilimwambia alale.

Tulikuwa na saa mbili za ziada. Nilipika chapati za maziwa, akala nne. Alikunja nguo zake za kulalia, akazitia kwenye begi, kisha akazunguka chumbani akiangalia kama amesahau kitu, mara tatu, akifungua droo zilezile za meza. Saa nne kasoro robo nilimshusha mlangoni pa shule. Alinikumbatia haraka kwa sababu wenzake walikuwa wanaangalia, na mmoja wao akapiga kelele, "Signe, baba yako katuangusha!"

"Si yeye," akajibu. "Ni rula."

Sikuwa nimefika ofisini redio ya mabasi ilipoita. Ilikuwa sauti ya Verna Ojala, dereva wa basi namba saba.

"Dale, nimeteleza Salo, nikiteremka. Watoto kumi na mmoja, wote wazima. Narudia, wote wazima. Lakini nimeingia kwenye rundo, siendi mbele wala nyuma."

"Injini inafanya kazi?"

"Inafanya. Wana joto. Wanaimba, Mungu anisaidie."

Mkanda haukusogea kaskazini. Ulikaa palepale juu ya Salo kama mtu aliyealikwa. Perttu alichukua saa moja na dakika hamsini kumfikia Verna, na alipofika aliniita redioni, kila dereva akisikia.

"Mtabiri, huku inanifika magotini. Nani alipima hapa?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani? Kwa kijiko?"

Hakuna aliyecheka. Perttu mwenyewe hakurudia.

Nilikwenda ofisini kwa Bi Stimac kwa miguu, kupitia uwanja. Alikuwa amesimama dirishani, simu sikioni, akimtuliza mzazi. Alipomaliza nilifungua daftari mezani na kumwonyesha mstari wa kituo cha tano. Tisa na nusu, tisa na nusu, tisa na robo tatu. Upepo ishirini na nne.

Aliusoma mara mbili. Anaijua kanuni, yeye ndiye aliyeitia saini.

"Hii ni kumi," alisema.

"Ni kumi."

"Ungeniambia kumi ningefunga bila kufikiri. Unajua hilo."

"Najua."

"Basi kwa nini uliniambia tisa?"

"Kwa sababu nilitaka iwe kumi."

Alikaa. Nje kengele ililia, na vishindo vya watoto vikapita juu ya dari. Nilidhani atanikaripia, na nilikuwa nimejiandaa, maana ningekuwa na mahali pa kusimama. Aliniangalia tu, kama mtu anayeangalia kifaa kilichomtumikia miaka mingi na leo kimesoma vibaya.

"Kumi na mmoja, Dale," alisema hatimaye. "Wakiimba."

"Ndiyo."

"Tunawarudisha wote saa sita. Mabasi hayatapita Salo, kwa hiyo wazazi wa upande ule wanakuja wenyewe. Nenda ukaongoze magari."

Saa sita foleni ilikuwa imefika hadi barabarani. Nilivaa koti langu la rangi ya chungwa, nikasimama kwenye njia ya kutokea. Kazi yenyewe ni rahisi: mtoto anaingia, mlango unafungwa, unaashiria, gari linaondoka, linalofuata linasogea. Theluji ilikuwa ikishuka sasa na mjini, laini, bila upepo. Wazazi waliokuwa wamesikia walinikwepa macho. Mmoja ambaye hakuwa amesikia alishusha kioo na kuniuliza namba ya Jumatatu. Nilimwambia sina.

Gari la Colleen lilikuwa la kumi na moja au la kumi na mbili. Nyuma lilijaa masanduku hadi darini, isipokuwa nafasi moja kwa ajili ya Signe. Alishusha kioo, mikono bado kwenye usukani.

"Wale wa Verna wako salama?"

"Wote. Wameshashushwa."

"Nashukuru." Aliangalia mbele. "Jana niliposikia sabini, niliwaambia watu wa lori kwamba nitakwenda nao peke yangu, nirudi kumchukua Signe Jumatatu. Nilikuwa nimeshapanga."

"Shule ilifunguliwa," nikasema.

"Ndiyo. Nimeona."

Hakuondoa gari. Vifuta kioo vilikwenda na kurudi. Signe aliinama mbele kati ya viti.

"Baba, ulimwambia Bi Stimac?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema nikaongoze magari."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, kicheko cha mama yake. Colleen bado alikuwa kimya. Nyuma yao mtu alipiga honi, mara moja, bila hasira.

Nimekifikiria kile kimya tangu siku hiyo. Kilidumu sekunde nne, labda tano. Inawezekana alikuwa ananiachia nafasi niombe Signe abaki. Inawezekana pia alikuwa anasubiri gari la mbele litoke kwenye utelezi, kwa sababu kulikuwa na gari la namna hiyo, la kijani, lililokuwa likizungusha magurudumu bila kwenda. Ushahidi unaelekea pande zote mbili, na mimi si mtu wa kuulizwa kuhusu jambo hilo.

Lile la kijani likashika njia. Nilirudi nyuma hatua moja, nikainua mkono, nikawaashiria wapite. Colleen alipandisha kioo. Signe alihamia dirisha la nyuma, akalifuta kwa kiganja, lakini lilikuwa limejaa mvuke, na alichofuta kiliziba tena kabla hawajafika barabarani.

Gari lililofuata lilikuwa la mama yake Peter. Nililisogeza mbele, nikamfungulia mtoto mlango.